Mzigo wa Kanisa la Juu

Winfrida alikuwa ameshafagia kanisa, lakini vumbi la chokaa lilirudi sakafuni, na harufu ya jasho ikajaa mahali pasipo na mtu. Alishusha pumzi tu. Tangu asubuhi alikuwa akiwapandisha mlimani wageni waliokuja kuliona kanisa hilo la kale la misheni, akiwaeleza jinsi mababu wa Kiluguru walivyobeba kila jiwe kichwani kutoka mtoni, wengine wakafia njiani. Wageni walipiga picha, wakaondoka. Magoti yalimuuma, na mtu akichoka kiasi hicho hata kuogopa huona kazi.

Ukungu ulikuwa umeshuka alipofunga mlango. Alipogeuka, mbele yake alisimama mzee kifua wazi, jiwe kichwani, shingo ikimtetemeka. Winfrida akadhani ni mwanakijiji ameleta jiwe la kukarabati ukuta.

"Shikamoo babu. Pole na mzigo. Lete nikupokee," alisema, kama asemavyo kila mtu wa milimani akikutana na aliyebeba.

Mzee akatabasamu, akainamisha kichwa. Jiwe halikumgusa mikono na mzee hakuwapo tena, ila uzito ulimwangukia mabegani, ukamkunja, ukazidi kila alipopiga hatua ya kushuka, ukamhemea sikioni pumzi fupi fupi za mtu anayepanda mlima, naye akateremka akisali na kulia hadi kwa Mzee Mikidadi, mganga wa bondeni.

Mikidadi alimtazama mgongoni, akarudi nyuma.

"Jini la mzigo," alinong'ona. "Halisikii ubani wala maji ya kombe. Linahamia kwa mwingine tu, akitamka kwa mdomo wake kwamba anakupokea."

"Basi nipokee, mzee wangu. Nimechoka."

Mikidadi akafumba mdomo, akafunga na mlango.

Winfrida akajikokota kwenda kwake, akiapa bora afe nalo kuliko kumtwisha mtu. Jambo moja alilisahau: alikuwa amemlea bintiye vizuri. Glory, mjamzito, alimwona kwa mbali amepinda, akamkimbilia.

"Shikamoo mama! Jamani, pole! Lete nikupokee."

"Nyamaza, Glo…"

Mabega yakawa mepesi kabla hajamaliza. Mgongo ukanyooka, na kwa aibu yake Winfrida akaona raha, raha tamu kuliko usingizi.

Mbele yake Glory, mikono mitupu, alikuwa akiinama taratibu, ameshika tumbo.

"Mama, mbona mzito hivi? Na huyu anayehema ni nani?"