Nakala ya Saa Sita

Nyinyi mnaotunza vitu vya watu, hebu nisikilizeni. Katika ile miaka ya vita, bureau moja, yaani ofisi, ya kanisa pale Butembo ilikuwa na utulivu wake. Mama Kyakimwa alifanya kazi humo, akiandika kwenye ordinateur, yaani kompyuta, majina ya watoto waliopotezana na wazazi wakikimbia, pamoja na makao walikopokelewa. Yote yalitunzwa ndani ya serveur, mashine kubwa iliyopata umeme wa groupe, jenereta ya kanisa. Mtoto akirudi kwao, jina lake lilifutwa na namba yake ikapewa mwingine.

Serveur ilikuwa mikononi mwa Papa Gamaliel, mtu mwema, ila majivuno nayo! Kila siku saa sita mchana alichukua nakala ya yote, akijigamba kwamba hajamsimamisha mtu kazi hata dakika. Siku moja Kyakimwa, ambaye kuuliza kulikuwa ugonjwa wake, akamwambia:

— Papa, wakati uko nachukua copie na miye niko naandika, ile naandika inaingia wapi?

— Mashini iko na akili, mama. Andika tu.

Akaandika, lakini swali halikumtoka. Nakala ikiwa bado inachukuliwa, alimfuta Agar wa namba 41, aliyekwisha kurudi kwao, akamwandika kwa namba ileile Ésaïe, wa miaka minne, aliyepokelewa na familia moja ya Vuhovi. Alasiri ile umeme ulipanda ghafla, serveur ikaungua. Gamaliel hakushtuka. Alileta mashine nyingine, akarudisha nakala yake, watu wakampongeza.

Siku ya tatu akaja Rébecca, miguu imevimba, akimtafuta mwanawe Ésaïe. Kyakimwa hakuwepo. Gamaliel alitazama mara mbili, jina halimo. Akamwambia kwa upole labda mtoto yuko Beni. Masikini yule mama hakukaa hata kidogo, akarudi kwa barabara ileile aliyopita akikimbia risasi.

Kyakimwa aliposikia, alikimbilia ordinateur. Jina hilo aliliandika mwenyewe! Akafungua namba 41: Agar, Vuhovi. Ajabu gani hii? Agar alikuwa amepokelewa Lubero, hajawahi kukaa Vuhovi. Akafikiri, akafikiri, mwisho akaona: mashine ilinakili majina kwanza, makao baadaye, na yeye alibadilisha katikati. Nakala ilishika jina la zamani na makao mapya. Akamwonyesha Gamaliel, kisha akaazimia kumfuata Rébecca mpaka Beni.

Watu walimsihi asiende, njia ni mbaya. Akaenda. Alimkuta Rébecca Beni, uani mwa kanisa, kwa kuwa huko pia hakumpata, amekwisha kunyoa kichwa kwa matanga ya mwanawe.

— Mama, mutoto wako iko muzima, iko Vuhovi. Ni miye nilimupoteza, hapana vita.

Rébecca aliinuka.

— Unipeleke, akasema.

FUNZO

Ndugu zangu, nakala inayochukuliwa watu wakiendelea kuandika ni nusu ya zamani na nusu ya sasa, na inadanganya kwa uso wa ukweli. Simamisheni kazi kwanza, hata foleni ikiwa ndefu. Kisha nakilini, halafu ifungueni muikague kabla hamjaihitaji. Na anayeuliza msimnyamazishe. Kuuliza si ujinga. Siku hizi Gamaliel hupiga kengele saa sita, na hakuna anayegusa ordinateur mpaka aipige tena.