Kadi ya Otso Ndani ya Kompyuta ya Iines

Uvumi wenyewe rafiki yangu Raili aliutoa ndani ya sauna, chumba cha mvuke cha bwawa la kuogelea, Jumamosi asubuhi, huku akimwagia mawe maji.

"Mwenzangu, yule mkweo mtarajiwa," alisema, "nimemwona mtaa wa Hervanta, anaingia kwa msichana. Kakumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga."

"Msichana gani?"

"Iines. Yule wa nywele fupi anayeuza miwani. Mimi sisemi kitu. Nimeona tu."

Nilitoka mle nikiwa msafi wa mwili, moyo umechafuka. Nikapanda tramu, uvumi umo. Nikamenya viazi, uvumi umo. Nikawasha redio, mtangazaji anasoma habari za theluji, mimi nasikia Iines, Iines. Saa sita mchana nikashindwa, nikampigia binti yangu Kerttu.

"Mwanangu, Otso yuko wapi siku hizi?"

"Kwake, mama. Kwa nini?"

"Watu wanamwona Hervanta kwa msichana mmoja, Iines, muuza miwani. Kila siku yuko kule."

Nilisikia tu birika la kahawa likichemka upande wake.

Ili mnielewe, lazima niwarudishe nyuma majira matatu ya baridi, kwenye foleni mbele ya duka la kompyuta hapa mjini kwetu Tampere. Siku ile zilikuwa zinatoka kadi mpya za picha, kile kipande ndani ya kompyuta kinachofanya mchezo uonekane kama kweli. Baridi ilikuwa kali hata ndevu za watu zimeganda. Kerttu alivaa koti refu la rangi ya haradali na kofia ya sufu iliyomfunika nyusi. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye kijikoti cha mvua na viatu vya michezo, anatetemeka mpaka meno yanagongana.

"Wewe, utakufa kabla mlango haujafunguliwa," Kerttu akamwambia.

"Nikifa, nishikie nafasi yangu."

"Nafasi ya maiti haishikwi hapa. Vaa." Akamvulia glavu.

"Moja tu?"

"Ya pili ni ya aliye hai."

Wakacheka mpaka watu wakageuka. Walipofika kaunta zilibaki kadi mbili, zote za kampuni ambayo wachezaji huiita kambi ya kijani. Wakachukua moja moja, pacha. Kisha wakaenda kula soseji nyeusi sokoni, na kwa kalamu nyeupe Kerttu akaandika mgongoni mwa kadi ya kijana: "Ya Otso, kwa hisani ya glavu ya Kerttu."

Mapenzi yao yakakua kwa namna ya vijana wa sasa. Kila mmoja chumbani kwake, vipokea sauti masikioni, wanapigana bega kwa bega ndani ya mchezo na timu yao ya watu sita.

"Dubu wangu, uko nyuma yangu?"

"Niko, mpenzi. Wewe songa tu, mimi ndiye kivuli chako."

Mwaka huu walipata nyumba ya pamoja, chumba kimoja na jiko, ya kuhamia tarehe mosi Machi. Mimi nilikwisha kununua mapazia.

Lakini Kerttu alikuwa na utani wake. Kila mara mtu kwenye timu alipobadili kadi akachukua ya kambi nyekundu, yaani ya kampuni pinzani, yeye alisema: "Mwanamume akihama kambi leo, kesho atahama kitanda!" Wote walicheka. Otso naye alicheka, ila maneno yale yalimwingia.

Basi ukatoka mchezo mpya, na kadi ya Otso ikazidiwa. Picha zikawa zinakwama, adui anampiga kabla hajamwona. Iines, ambaye naye ni wa timu hiyo hiyo, alikuwa amenunua kadi nyekundu, kubwa, yenye nguvu, lakini ndefu mno. Haikuingia ndani ya kompyuta yake, yenye sanduku la kioo. Otso alikuwa na sanduku pana. Wakabadilishana, yako kwangu, yangu kwako. Kilichobaki ni kumwambia Kerttu tu, na hilo ndilo Otso aliloliogopa.

Kwa haraka ya kuficha, akachomeka kadi nyekundu bila kuzifuta kwanza programu zilizokuwa zikiiendesha ile ya kijani. Jumapili mchana, katikati ya vita, kioo chake kikawa cheusi tititi. Kerttu akapiga simu hapo hapo.

"Otso! Umenikimbia, nimekufa peke yangu!"

"Aa... umeme umekatika, mpenzi."

"Umeme ukatike Tampere na gazeti lisiandike?"

"Mtaa wetu tu. Nitakupigia baadaye."

Hakupiga. Alibeba kompyuta akaipeleka kwa Iines, ambaye alijua kuisafisha. Ndipo Raili alipomwona akiingia. Wiki haikuisha, nami nikampigia simu mwanangu.

Kuanzia simu yangu ile Kerttu hakulala vizuri. Kwenye orodha ya timu, aliyoiona hata kwenye simu, kila jina lina kitaa kidogo: kikiwaka, mtu yupo, kikizimika, ameondoka. Alianza kuvitazama vitaa viwili tu. Cha Otso kikizimika, anasubiri cha Iines. Vikizimika pamoja, anatafuta kalamu. Kazini, kwenye duka la maua, alikata mashina ya mawaridi mafupi mno mpaka bosi akamuuliza kama anaumwa. Nyuma ya karatasi ya kufungia maua aliandika saa: Otso kaondoka saa kumi na dakika tano, Iines kaondoka saa kumi na dakika saba. Hakufikiria kwamba huku kwetu saa kumi jioni watu huenda kula.

"Dubu wangu, leo ulikuwa wapi saa kumi?"

"Nilikuwa nakula."

"Na nani?"

"Na samaki."

"Unanifanyia mzaha?"

"Kerttu, una nini siku hizi?"

"Muulize anayeuza miwani. Pengine yeye anaona vizuri."

Jumamosi iliyofuata, vitaa vyote viwili vilipozimika tena, akavaa gauni la kijani, akapaka wanja, akatia hereni alizopewa na marehemu bibi yake, utadhani anaalikwa harusini, akapanda tramu mpaka Hervanta. Iines akafungua mlango amevaa soksi za sufu na sweta lililotatuka kiwiko, mdomo umejaa mkate mtamu. Nyuma yake, sakafuni, Otso amepiga magoti mbele ya kompyuta yake iliyofunguliwa, bisibisi kaiuma kwa meno. Kile kioo kilikuwa kimekuwa cheusi tena.

Kerttu hakumtazama Otso. Alitazama mezani, kwenye sanduku la kioo la Iines lenye taa za waridi zinazozunguka. Ndani yake, katikati ya mwanga, aliusoma mwandiko wake mwenyewe: "kwa hisani ya glavu ya Kerttu."

"Ile ni kadi ya Otso."

"Ni yangu, tumebadilishana," Iines akasema, bado anatafuna. "Karibu, kahawa ipo."

"Kerttu, ngoja nikueleze," Otso akasema. "Ni kadi tu."

"Kadi tu? Jina langu liko nyumbani kwake!"

"Dada, kama ni jina, nitalifuta kwa spiriti," Iines akajibu. "Mimi nilitaka kadi fupi. Huyu mwanamume wako hata sijui anavaa viatu namba ngapi."

Hapo ndipo binti yangu alipoteleza. Akatoa simu, akafungua chumba cha sauti cha timu, wenzao wote wakawa wanasikia. "Jamani, sikilizeni! Mnataka kujua Otso huzimika kwenda wapi? Anamzimikia Iines! Huyu mwanamke ni mwizi wa wachumba, na huyu mwanamume ni mwongo, umeme wake unakatika kwenye vitanda vya watu!"

Otso akaweka bisibisi chini polepole.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya."

Iines aliiacha timu siku ile ile. Otso hakumfokea Kerttu hata neno, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimwandikia ujumbe mmoja mrefu, akaeleza yote: kadi ndefu, kubadilishana, programu ambazo hakuzifuta, uongo wa umeme.

Kerttu alikuja kwangu na ujumbe ule, macho yamevimba.

"Mama, huyo aliyekwambia kila siku yuko kule, ni nani?"

Nilifuta meza iliyokuwa safi. "Raili."

"Raili alisema kila siku?"

"Raili alisema mara moja. Kila siku niliongeza mimi."

Hakunipigia kelele. Alivaa koti lake akatoka, na mapazia niliyonunua akayaacha kwenye kiti.

Kwetu, Februari ikiwa na siku ishirini na tisa, siku hiyo ya mwisho mwanamke ndiye huposa. Mwanamume akikataa, humpa kitambaa cha kushona sketi. Mwaka huu, siku hiyo, Kerttu alimwomba Otso waonane adhuhuri kwenye mkahawa wa kituo cha treni. Alivaa suruali nyeusi na blauzi nyeupe, hakupaka kitu usoni. Otso alikuja na begi mgongoni.

"Nimekuja kuomba radhi," Kerttu akasema. "Iines nimeshamwomba. Amenisamehe, ila timu amesema harudi. Sasa nakuomba wewe. Otso, nioe."

Otso akafungua begi, akatoa kifurushi, akakiweka kati ya vikombe. Kitambaa cha sufu, cha buluu. Alikuwa ameshakinunua.

"Ulijua nitaomba?"

"Nilijua."

"Na bado ukaenda dukani?"

"Nilisimama mle dukani saa nzima."

"Nilikuwa na wivu tu, dubu wangu."

"Najua. Na mimi nilikuwa na hofu. Nilidanganya kwa ajili ya kipande cha chuma kwa sababu nilikuogopa. Tutakaaje, wewe na wivu wako, mimi na hofu yangu, kwenye chumba kimoja na jiko?"

"Hunipendi?"

"Nakupenda. Ndiyo maana nimechagua kizuri."

Akamshika mkono kidogo, akaenda. Nyumba ile sasa wanakaa watu wengine. Kitambaa kiko mezani kwangu ninapoandika. Kerttu hataki kikatwe, hataki kitupwe.

Mama mwenzangu, na wewe kijana, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiweke kadi ya kampuni nyingine kabla ya kufuta programu za ile ya kwanza.

Usihame kwa siri. Kuhama si kosa.

Usirudie utani mmoja mpaka mwenzio audhanie kuwa ni sheria.

Usichunge vitaa vya majina ya watu.

Usigombane huku wengine wanasikiliza.

Ukiletewa neno, usiliongezee chumvi. Wewe mama hasa.

Usiache kuuliza. Binti yangu angeuliza, "Umebadilisha kadi?" naye angejibu, "Ndiyo."