Kitanda cha Mahari Kilichojishindia Mbuzi

Mauwa Mwinshehe alikutana na mchumba wake kwa kugongwa na jokofu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, soko la Temeke Sterio limejaa watu mpaka ukingoni mwa mitaro. Mauwa alivaa dera la kijani na mtandio mweusi, na kichwani alibeba furushi la mashati kumi na nane ya shule, meupe, yametoka kupigwa pasi. Jokofu lilitokea upande wa mteremko. Halikuwa na mlango wala mota. Lilikuwa limelazwa chali juu ya magurudumu manne ya toroli, na ndani yake, pale panapokaaga nyama, alikaa kijana mwembamba akipiga mayowe.

"Breki hamna! Mama zangu, breki hamna!"

Wauza nyanya waliruka. Mauwa, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumpisha mtu kwa sababu tu mtu huyo ana haraka, hakuruka. Jokofu likamchota miguu, furushi likafunguka angani, na mashati kumi na nane yakatua kwenye tope moja baada ya jingine, bila hata moja kukosa.

"Dada, umeumia?"

"Yaulize mashati."

"Mashati yameumia?"

"Yamekufa." Mauwa alisimama, akajikung'uta. "Unaitwa nani, nijue namshtaki nani?"

"Ismail. Fundi seremala, Keko."

"Na hili?"

"Hili jokofu."

"Nimeliona. Linafanya nini barabarani?"

"Mazoezi," alisema Ismail kwa unyenyekevu mkubwa.

Hapa inabidi maelezo yatolewe. Kila Sikukuu ya Muungano, mafundi wa Keko hushindana katika Mbio za Visivyokwenda. Sharti la kwanza ni kwamba chombo kiwe kitu ambacho aliyekitengeneza hakukusudia kiende popote. La pili, kisiwe na injini. La tatu, kipandwe na watu wawili, mmoja dereva na mwingine uzito. Mteremko umewahi kuteremkwa na madawati ya shule, meza za chipsi, kochi la watu watatu na kabati la vyombo lililofika chini bila vyombo. Mshindi hupewa mbuzi.

Mwaka ule jokofu lilishika nafasi ya mwisho. Ismail alikuwa amechoka, kwa kuwa wiki nzima alikuwa anafua. Aliyafua mashati yote kwa mikono yake, akayarudisha dukani kwa Mauwa yamekunjwa vizuri. Kumi na saba yalikuwa meupe. La kumi na nane alilizidishia bluu, likawa samawati kama anga.

"Hili baki nalo," Mauwa alisema. "Mwanafunzi akilivaa hili atafukuzwa paredi."

"Basi nalichukua. Na namba yako?"

"Ya nini?"

"Nikikugonga tena nijue pa kutoa taarifa."

Mauwa aliuma mtandio asicheke. Alichelewa.

Baada ya miezi sita Ismail alimtuma Faraji kuposa. Faraji, mwenzake wa karakana, alikuwa na kilo zaidi ya mia na sauti ya upole, na katika kila jambo la Ismail alikuwa ama mshenga ama uzito. Mzee Mwinshehe, mstaafu wa bandarini, alimwita binti yake amuulize mahari.

"Kitanda," alisema Mauwa. "Cha mninga. Asinunue, akitengeneze mwenyewe. Na ubao wa kichwani anichongee maua kumi na mawili."

"Umesikia?" Mzee akamgeukia Faraji. "Na mimi naongeza langu. Mtu yeyote asikilalie kabla ya mwanangu. Mahari si kitanda cha gesti."

Ndoa ikapangwa mwezi wa sita. Ismail alitoka kwenye ukoo wa wachongaji wa Newala, na maua yale aliyachonga kama babu zake wote wamesimama nyuma yake wanamkagua. Kila jioni simu ililia.

"Fundi wangu. Leo ua la ngapi?"

"La nne, laazizi. Lina petali nane."

"La jana lilikuwa na ngapi?"

"Nane vilevile. Unadhani nalipua?"

"Nakujua. Na jokofu je?"

"Naapa, mpenzi, sipandi tena jokofu."

Kiapo hiki kiliwekwa kwa ufasaha na kilitimizwa kikamilifu. Kitanda hakikutajwa.

Siku ya Muungano Dar es Salaam iliamka na mvua ya tangu jana yake. Ismail na Faraji walikuwa wamejenga kabati la nguo la mbio, lakini usiku plaiwudi ilikunywa maji, na asubuhi kabati lilikuwa limevimba na kupasuka. Faraji naye alikuwa ameshika tumbo. Mihogo ya jana haikumtakia mema.

"Tunajitoa," alisema Ismail.

Faraji, akiwa ameinama, alitazama pembeni ya karakana. Kitanda kilikuwa pale, kimefunikwa turubai. Ubao wake wa kichwani ulikuwa na maua sita upande wa kushoto. Upande wa kulia ulikuwa mtupu, umepigwa msasa, unasubiri.

"Kile ni mahari," Ismail alisema haraka.

"Najua. Mie si ndo mshenga? Tunakiazima robo saa. Tunakifuta, tunakirudisha. Hakuna atakayekilalia, mtakaa tu."

"Nitakaa na nani? Wewe huna tumbo."

Ndipo Recho, muuza chai wa pale karakana, alipoweka chupa yake chini. Alikuwa na gauni jekundu la sikukuu na mwili usiopungua uzito uliotakiwa.

"Kama shida ni kilo," alisema, "mie ninazo za kuzaliwa nazo."

Magurudumu ya kabati, usukani na breki vikahamishiwa kitandani. Kitanda kilikimbia. Hilo halina ubishi. Kililipita kochi, kikaipita meza ya chipsi, Ismail ameshika kamba ya usukani kwa kushoto na mti wa breki kwa kulia, Recho amemkumbatia kiuno, wote wawili wanacheka vinywa wazi kwenye mvua. Walivuka mstari wa mwisho wakiwa wa kwanza. Umati ukalipuka, na kijana aliyekuwa anarekodi akazima simu yake ili ashangilie kwa mikono miwili.

Kwa hiyo hakurekodi kilichofuata. Ismail aliukandamiza mti wa breki. Kipande cha tairi kilichofungwa kwenye ncha yake kilikuwa kimelowa, kikateleza kama sabuni. Kitanda kikaenda mpaka mtaroni. Recho akarushwa kwenye matope, akapasuka kipaji cha uso. Ismail hakuachia breki. Mkono wake wa kulia ulibanwa kati ya gurudumu na ukingo wa zege. Simu yake ilizama mtaroni na haikuonekana tena.

Faraji alimfunga mkono kwa kitambaa cha kwanza alichokiona, lile shati la samawati. Hospitalini waliondoa kidole cha shahada na cha kati. Faraji akaviomba, akavizika nyuma ya karakana, vimeviringishwa katika shati lilelile. Hapakuwa na matanga. Alisimama peke yake kwenye manyunyu, tumbo bado linamuuma, hajui kama kuna dua ya vidole.

Video ilimfikia Mauwa saa kumi, dukani, kati ya sketi mbili. Aliitazama mara moja. Kisha akaitazama tena, safari hii akiangalia maua sita tu, jinsi yalivyokuwa yanatikisika nyuma ya gauni jekundu.

Alipiga simu. Haipatikani. Alipiga mara kumi na moja. Kisha akaandika: "Kitanda mpe uliyempakia. Usinitafute." Akaifungia namba ile, na wenzake wawili wa dukani akawakataza kutaja neno Keko mbele yake.

Ujumbe ulimfikia Ismail siku ya nane, Faraji aliporudisha laini yake kwenye simu nyingine. Aliusoma akiwa ameketi juu ya rundo la mbao, mkono umefungwa mpaka kiwiko.

"Amesikia habari za mkono," alisema.

"Hajasema mkono. Amesema kitanda."

"Fundi wa vidole vitatu wa nini, Faraji? Ana haki."

"Niende nikaseme naye. Mie mshenga."

"Ukienda, mie na wewe basi."

Faraji hakwenda. Katika maisha yake yote ya utiifu, hilo ndilo kosa alilolijutia.

Mwezi wa sita ukaja na ukaondoka bila kuozesha mtu. Mvua zilikwisha, mawingu yakabaki. Ismail alipaka vanishi vitanda vya watu wengine kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa mfukoni daima. Kitanda chake kilibaki chini ya turubai, magurudumu hayajatolewa. Mbuzi wa ushindi alifungwa kwenye mguu wa kitanda, akala maranda, akatazama watu kwa lawama. Ismail alikataa achinjwe.

Temeke Sterio, Mauwa alishona. Mzee Mwinshehe alimuuliza mara moja tu.

"Yule bwana wa kitanda, vipi?"

"Kimelaliwa, baba."

Mzee akainamia kahawa yake, na jambo likaishia hapo.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mwanamke mmoja mnene mwenye kovu bichi kwenye kipaji cha uso alibisha hodi dukani.

"Fundi, nataka sare ya mwanangu wa darasa la tatu."

Mauwa aliinua macho. Cherehani yake ikanyamaza, na zile nyingine mbili zikanyamaza kwa adabu.

"Wewe ndo wa kitandani."

"He! Shoga, taratibu. Nina mume mie."

"Ulimshika kiuno."

"Ulitaka nimshike wapi, masikio? Kinashuka kile! Mie niliwekwa pale kama mfuko wa saruji." Recho akavuta kiti bila kukaribishwa. Sauti ikamshuka. "Ndo wewe Mauwa? Kumbe wewe mwenyewe umenuna, na mwenzio kule anakauka. Sisi tulijua umemkataa kwa ajili ya mkono."

"Mkono gani?"

Recho akasogeza kiti karibu.

"Ile video uliiona mwisho wake?"

"Mwisho walishangilia."

"Huo si mwisho, dada. Mwisho uko mtaroni."

Akamweleza. Alipofika kwenye shati la samawati, Mauwa alikuwa ameshatoka nje anaita bodaboda, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Alimkuta Ismail anapiga msasa mguu wa meza. Alikuwa amekonda. Alipomwona, mkono wa kulia ulikimbilia mfukoni wenyewe.

"Karibu," alisema.

"Sijaja kukaribishwa. Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nisikutafute."

"Nilisema kwa ajili ya kitanda. Sikusema kwa ajili ya mkono."

"Nilidhani..."

"Na mie nilidhani. Tumedhani miezi miwili, Ismail." Alivuta pumzi. "Utoe."

"Mauwa, uache."

"Utoe, nauona hapo mfukoni."

Aliutoa. Mauwa aliushika, akaukunjua taratibu, akachukua futi shingoni na kupima pale palipokuwa na vidole, kwa makini, kama anavyopima kola. Hakuna aliyejua vipimo hivyo ni vya nini, hata yeye. Machozi yalipodondoka kwenye futi, aliyafuta kwa kiganja kilekile cha Ismail.

"Suruali zako zote uniletee."

"Za nini?"

"Nizizibe mifuko kwa uzi. Sitaki kuuona mkono huu unajificha."

Ismail akacheka, kicheko kikamkatikia njiani.

"Nilikikosea adabu kitanda chako. Chukua kingine. Faraji atakuchongea, yeye mikono yake mizima."

"Faraji ndo aliyenigonga na jokofu?"

"Hapana."

"Mahari ni ya baba au yangu?"

"Yako."

"Basi naibadilisha. Maua kumi na mawili nimeyafuta. Nataka hayo sita, na moja la saba. Ulichonge wewe. Kwa kushoto."

"Litakuwa baya."

"Nimekuuliza?"

"Na baba yako? Alisema kisilaliwe."

"Nimemhoji Recho. Hakulala. Alikaa, akapiga kelele. Baba hakukataza kelele."

Simu zikaanza upya, lakini hazikuwa zile za zamani. Zilikuwa fupi, zenye kimya katikati.

"Leo ua la ngapi?"

"La saba."

"Jana?"

"La saba."

Wiki tano lilikuwa la saba. Patasi iliteleza, mkono wa kushoto ukavimba, mara mbili Ismail aliitupa chini akaapa kuacha useremala. Kila jioni alimwambia Mauwa ukweli, na kila jioni Mauwa alisema, "Haya, mpaka kesho."

Kitanda kilipelekwa Jumapili moja ya manyunyu. Kilikwenda juu ya magurudumu yake, Faraji anasukuma, Ismail anashika kamba, mbuzi nyuma, amefungwa kwenye mguu wa kitanda. Kilipita kwenye mteremko uleule polepole, na watu wa Keko waliokuwa wamekishangilia walisimama milangoni wakakitazama.

Mzee Mwinshehe alikisubiri barazani, amevaa kanzu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikizunguka. Alitingisha mguu mmoja, hakikulia. Kisha akafika kichwani. Maua sita yalikuwa yamepangana kama yamezaliwa siku moja. La saba lilikuwa na petali tano, au sita, ilitegemea unahesabu vipi, na lilifanana na chapati iliyoumwa.

Mzee aliligusa kwa kidole, akalifuata lote mzunguko wake.

"Hili nani kachonga?"

"Mie, mzee."

"Na haya sita?"

"Mie vilevile." Ismail alitazama chini. "Zamani."

Mzee Mwinshehe aliutazama ule mkono wa kulia, uliokuwa wazi, hauna mfuko wa kujifichia. Manyunyu yalikuwa yanaongezeka. Mbuzi akalia.

"Kiingizeni ndani," mzee alisema hatimaye, akivua kofia yake na kulifunika nayo lile ua la saba. "Mvua isije ikaliharibu."

Nyuma ya dirisha, Mauwa alisikia vizuri. Baba hakusema *ikakiharibu*.