Siku ya Kliniki, Siku ya Soko

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi. Kwenye benchi la zahanati walikaa akina mama wawili tu. Mmoja alikuwa Magreth, mkulima wa ndizi na kahawa upande wa Akheri, chini ya Mlima Meru. Alimpakata mwanawe Lucky, aliyetimiza miezi tisa. Mtoto wa umri huo hupewa chanjo ya surua.

Nesi alitoka, akawatazama.

"Watoto ni wachache. Njooni Jumatano ijayo."

"Leo nimeacha soko, dada. Niliache tena?"

"Siku sikupanga mimi, Mama Lucky."

Soko la Tengeru hujaa Jumatano na Jumamosi. Ndizi za Magreth zilikuwa nyumbani, zimeshakatwa, zinaiva. Tena katika kijiji jirani watoto walikuwa wameanza kuugua surua.

Godwin, mume wake, alikasirika aliposimuliwa.

"Yule nesi ni mvivu. Nitamfuata."

"Ukishamgombeza, Lucky atakuwa amechanjwa?"

Jioni walikwenda kwa jirani yao Tabitha, mama mtu mzima. Walimkuta anakamua ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Godwin, usimnunie ng'ombe wangu, atabana maziwa."

Magreth alimweleza yaliyotokea. Godwin akaongeza, "Serikali imepanga Jumatano. Sisi tutafanya nini?"

"Zahanati ina kamati," Tabitha alisema. "Mimi ni mjumbe."

"Wewe, mama? Tangu lini?"

"Tangu uliponichagua. Ulinyoosha mkono mkutanoni."

"Nilinyoosha ili tumalize. Mvua ilikuwa inakuja."

"Ndiyo maana hujawahi kuniletea neno."

Tabitha aliweka ndoo pembeni.

"Zamani mambo mengi ya zahanati yaliamuliwa wilayani. Baada ya mageuzi ya sekta ya afya, sehemu ya madaraka ililetwa huku kwetu. Kamati ina wajumbe tuliochaguliwa na wananchi. Nesi naye yumo. Tunafuatilia dawa, fedha na namna watu wanavyohudumiwa. Lakini watoto wangu wameshaota ndevu. Ya kliniki nitayajuaje msiponiambia? Wiki ijayo kuna mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane anaweza kusema."

"Basi nitasema mimi," Godwin alisema.

"Kwani aliyekaa kwenye benchi ni nani?"

Siku ya mkutano, Magreth alisimama.

"Kliniki ya watoto ni Jumatano. Jumatano tuko sokoni. Watoto wetu wanakosa chanjo."

"Hayo ni ya wanawake," alisema mzee mmoja wa mbele. "Tuzungumze barabara."

"Na mtoto akiugua surua, baba yake hayumo?" Tabitha aliuliza. Watu walicheka.

"Si muache soko siku moja tu?" akasema mwingine.

"Nililiacha," Magreth alijibu. "Nikarudishwa na mtoto hajachanjwa."

Nesi aliomba nafasi.

"Chupa moja ya chanjo ya surua ni ya watoto kumi. Ikifunguliwa, hutumika ndani ya saa sita. Inayobaki tunaimwaga. Nilikuwa nasubiri watoto wafike wengi. Mimi ni mgeni hapa, sikujua kuwa Jumatano nyote mko sokoni. Nilidhani hamtaki chanjo."

"Na sisi tulidhani wewe ni mvivu," Magreth alisema.

Mkutano ulikabidhi suala hilo kwa kamati. Kamati ilikaa wiki hiyohiyo, ikakubaliana mambo mawili. Kliniki ihamie Jumanne. Na mtoto aliyefikia umri wa chanjo asirudishwe, hata akiwa peke yake, kwa sababu kumwaga dawa ni hasara ndogo kuliko mtoto kuugua. Halmashauri ya wilaya ilipewa taarifa, ikaridhia. Jumapili siku mpya ilitangazwa makanisani.

Jumanne iliyofuata, benchi lilijaa na akina mama wengine walisimama. Nesi alifungua chupa. Lucky alichomwa sindano, akalia, akanyonya, akanyamaza. Nesi alimwambia Magreth amrudishe mtoto akifikisha mwaka mmoja na nusu, kwa chanjo ya pili.

Magreth alimfunga mgongoni, akaenda shambani kukata ndizi za soko la kesho.