Hilaire Anajifunza Kushuka Kabasha

Siku zile tulikuwa tunakaa Goma, na mume wangu Hilaire, baba wa mtoto wetu Wivine, alikuwa shofere wa kamio, yaani lori. Kila wiki alipanda Butembo kuchukua maharagi na viazi. Mimi nilimsindikiza, nikimmenyea karanga. Yeye alisema namlinda na usingizi. Kweli nilikuwa namlinda na wasichana wauza ndizi wa Kanyabayonga, maana walikuwa wazuri mno.

Ukitoka Kanyabayonga kuja Goma, unashuka mlima wa Kabasha, kona juu ya kona. Chini kuna tambarare ya Rwindi. Asubuhi njema tuliona tembo huko, kwa umbali wadogo kama mbuzi. Bado nawaona nikifumba macho.

Vita ilikuwa imefanya mazutu, mafuta ya kamio, kuwa adimu. Mashofere wakazoea kuzima motere pale juu, kamio ikateremka yenyewe. Hilaire alikuwa bingwa wao.

"Sikia kimya hiki, Mama Wivine," aliniambia. "Hata ndege tunawasikia."

"Nasikia," nikamjibu. "Nasikia na roho yangu inafunga mizigo."

Siku moja ikaja harufu ya kuungua. Hilaire akakanyaga freni. Mguu ukazama hadi chini, kamio haikujali. Juu ya magunia kulikuwa na watu kumi na wawili. Akakata usukani upande wa mlima. Tukasugua udongo, tukaegemea, tukasimama. Hakufa mtu. Gunia moja la viazi lilipasuka. Habari za suruali ya Hilaire nazinyamazia.

Freni ilipopoa tukajikokota hadi Goma, na jirani yetu Célestin, fundi wa makamio, akafungua gurudumu. Ndani kulikuwa kweusi kwa kuungua.

"Papa Wivine, ulizima motere?"

"Kidogo tu, muzee."

"Kidogo ya toka juu mpaka chini," nikasema.

Célestin hakucheka. "Sikia, mutoto wangu. Ukizima motere, uzito wote unalalia freni. Freni inapata moto, na yenye moto haishiki. Mulima unaushuka na vitesi, gia ile unaupandia: ya pili, ao ya kwanza kama umepakia sana. Ingiza mbele ya kuanza kushuka. Motere ndiyo itazuia kamio. Freni unakanyaga, unaachilia, inapoa."

"Na mazutu, muzee?"

"Mazutu utatafuta ingine. Mama Wivine atatafuta wapi Hilaire mwingine?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikalimeza.

Safari iliyofuata, pale juu, mkono wa Hilaire ulienda kwenye ufunguo. Nikamtazama. Mkono ukarudi. Akaingiza ya pili. Motere ikalia kama ng'ombe wa Masisi, tukashuka polepole, kamio ya nyuma ikitupigia honi.

Kwenye kona ya nne barabara ilijaa watu. Vita ilikuwa imelipuka huko chini, na kijiji kizima kilikuwa kinapanda na magodoro, masufuria na mbuzi. Hapakuwa na nafasi kushoto wala kulia. Hilaire akakanyaga freni. Ikashika. Tukasimama hatua tatu mbele ya bibi mmoja aliyebeba kuku.

Bibi hakusogea. Akamtazama Hilaire juu mpaka chini.

"Papa shofere, zima hiyo motere yako. Inaogopesha kuku."

"Unisamehe, mama," Hilaire akasema. "Hii siizimi. Mupite tu, pole pole, mupite wote."

Wakapita karibu saa nzima. Hilaire, mguu kwenye freni, alikuwa anahesabu kwa midomo watoto waliopita mbele ya kamio. Alipofika sitini akaacha kuhesabu, akashika mkono wangu.