Nyumbani Mko Wangapi?

Kadi ya kompyuta ilikuwa ya moto. Hapo ndipo Dada alipopaswa kushtuka, na hakushtuka. Mwuzaji aliitoa kwenye droo ikiwa imeviringishwa kwenye taulo, na mtaa mzima ulikuwa hauna umeme tangu asubuhi, lakini Dada alipoipokea mikononi ilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku sasa hivi. Alijiambia ni joto la chumba. Tangu wamzike mdogo wake, miezi minne nyuma, alikuwa amezoea kujiambia lolote na kuliamini papo hapo.

Nyumbani kwao wote walimwita Dada, hata wazazi wake. Alikuwa na miaka ishirini na sita na aliuza dawa kwenye duka la dawa. Mama alishona mapazia sebuleni. Baba alikuwa fundi wa lifti. Wa nne alikuwa huyo mdogo wake, aliyeitwa Kepteni na wenzake wa kucheza michezo ya kompyuta, na homa ya siku tatu ilimwondoa akiwa na miaka kumi na tisa. Baada ya mazishi kila mtu alirudi kazini. Hakuna aliyelia ipasavyo. Walikula, wakaosha vyombo, wakaulizana kama maji yametoka bombani. Msiba ulikaa nao kama mgeni asiyeaga, nao wakajifanya hawamwoni.

Kepteni alikuwa ameacha kopo la maziwa lenye akiba yake na daftari lenye orodha. Alitaka kuunda kompyuta ya kuchezea michezo, ya bei ya mtu asiye na kitu lakini inayojiheshimu, na kwa mwaka mzima aliandika, akafuta, akaandika tena. Prosesa iwe ya toleo lililopita, maana la mwaka huu unalipia jina. RAM gigabaiti kumi na sita, si nane, usijidanganye. Pawa saplai, ile ya kuipa umeme, iwe mpya, ya mtumba itachoma nyumba. Kasha lolote, kasha ni nguo tu. Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: kadi ya michoro, ile inayochora mchezo kwenye skrini, hata ya mtumba sawa, ila ijaribiwe mbele ya macho yako kabla hujaondoka.

Dada hakujua kucheza hata karata. Lakini kopo lilikuwa kabatini na orodha ilikuwa mezani, na kitu kilichoanzwa hukaa nyumbani kikikutazama mpaka kimalizwe. Akanunua vitu vyote sawasawa na daftari, kimoja kila wiki. Ikabaki kadi, na kopo likabaki na sauti ya sarafu. Ndipo akaliona tangazo la mwuzaji huyu, bei nusu ya wengine.

"Tungeijaribu," Dada alisema, akakumbuka umeme.

"Inafanya kazi," mwuzaji akajibu. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na alizungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. "Sikuuzii kwa sababu ni mbovu, dada yangu. Nauza kwa sababu nimechoka." Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Nyumbani mko wangapi?"

"Wanne," Dada akasema.

Lilimtoka kwa mazoea. Ndivyo alivyojibu tangu akiwa darasa la kwanza. Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo, lakini kujisahihisha kungemlazimu kulisema lile neno mbele ya mtu baki, naye hakuwa na nguvu hizo siku hiyo. Mwuzaji alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia, akamfungulia mlango.

Fundi wa duka la kompyuta, aliyeitwa Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe, alimuungia vifaa vyote Jumamosi asubuhi. Alipoichomeka kadi aliondoa mkono haraka. "Hii imetoka kazini sasa hivi?"

"Imetoka kwenye droo."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka, akaendelea kukaza skrubu.

Waliiweka mashine kwenye meza ya Kepteni, na hedifoni zake zikatundikwa palepale zilipokuwa. Iliwaka mara ya kwanza tu. Mama alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akasema, "Ni nzuri," kwa sauti ileile ambayo angeisemea ndoo. Baba alipita ukumbini na begi lake la spana, akasimama kidogo, akainamisha sikio. Miaka thelathini ya lifti ilimfundisha kusikiliza mashine kuliko watu.

"Hiyo feni ina mzigo," akasema.

"Ni mpya, Baba."

"Upya si hoja. Lifti tupu ina sauti yake, na lifti yenye mtu ina sauti yake." Akaenda zake kazini. Tangu msiba hakuwa amekanyaga chumba kile, wala hakuwa amelitaja jina la mwanawe hata mara moja.

Harufu ilianza siku ya tatu. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya kopo la bluu, waliyompaka Kepteni kifuani usiku wa mwisho wa homa. Dada aliiuza kila siku na aliijua. Alifungua madirisha, akafua mapazia, na kila ilipotimu saa tisa alasiri, saa aliyokuwa akirudi Kepteni kutoka chuoni, harufu ilipanda tena nyuma ya kasha.

Siku ya tano alirudi mapema akamkuta Mama amekaa kwenye kiti cha Kepteni, hedifoni masikioni, anatabasamu. Mama hakuwa ametabasamu kwa miezi minne. Kwenye skrini mchezo ulikuwa ukienda wenyewe, kijana mwenye silaha akikimbia kwenye barabara tupu, na kibodi haikuguswa na mtu.

"Yupo," Mama akanong'ona. "Njoo umsikie."

Dada akaiweka hedifoni moja sikioni. Kwanza alisikia pumzi. Kisha sauti ya mdogo wake, yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa ujana, ikasema yale maneno aliyoyasema kila alipoitwa mezani kwa miaka yote ya maisha yake:

"Dakika mbili tu, Mama."

Dada hakupiga kelele. Alisimama pale akangoja ahisi kitu, furaha au hofu, na hakikuja chochote, akaenda jikoni akaosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Tangu hapo Mama alipakua sahani nne. Ya nne aliipeleka chumbani, na alipoirudisha baada ya nusu saa chakula kilikuwa kizima lakini kikavu, kimepasukapasuka kama kilichokaa juani wiki nzima. Baba aliiona sahani ile ikipita, akaendelea kula. Mapazia yalilala kwenye cherehani bila kumalizwa. Mteja mmoja alikuja akapewa pazia lenye upande mmoja mrefu kuliko mwingine, akalipa vilevile, maana uso wa Mama ulikuwa umeanza kuonyesha mifupa.

Dada alimpeleka Mama dukani kwake akampandisha kwenye mizani. Kilo hamsini na nne. Mwezi uliotangulia alikuwa na sitini na moja.

"Unakula, Mama?"

"Anakula yeye," Mama akajibu kwa upole. "Mimi nitakula baadaye. Mzazi hula baadaye."

Hapo, mbele ya mizani, ganzi ya Dada ilipasuka kidogo, na kilichoingia kwenye ufa huo kilikuwa hofu. Alikuwa amepoteza mmoja. Sasa alimwona wa pili akiondoka kilo kwa kilo, anatabasamu, na yeye Dada ndiye aliyeibeba kadi ile nyumbani kwa mikono yake miwili.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaingia chumbani peke yake saa tisa kamili na kuvaa hedifoni.

"Kepteni," akasema taratibu, "ulipovunjika jino ukiwa darasa la pili, nani alikusukuma?"

Pumzi. Feni ikazunguka kwa uzito.

"Dakika mbili tu."

"Nani alikusukuma?" Ni yeye aliyemsukuma, na walikuwa wamelificha jambo hilo wawili tu kwa miaka kumi na miwili.

Sauti ikaanza kunong'ona, na haikuwa tena ya kijana wala ya mzee, ikamwambia homa ilivyokuwa, shuka lilivyolowa, dawa ilivyowasha kifuani, na Mama alivyosema usilale mwanangu usilale, ikayasema yote ya usiku ule mmoja kwa mpangilio kama mtu anayesoma risiti, na Dada akaelewa, huku harufu ikimjaa puani, kwamba kitu hiki hakikumjua Kepteni hata siku moja, kilijua tu nafasi aliyoiacha, na kilikuwa kimejikunja ndani yake kama kaa wa pwani anavyoingia ganda la konokono aliyekufa. Akang'oa hedifoni. Sauti iliendelea kutoka ndani ya kasha.

Dada alimsimulia yote Daktari wa kompyuta, na Daktari akamleta mkunga mstaafu aliyejua mambo ya majini, na lilikuwa jambo la aibu kidogo kwa mtu wa sayansi kama yeye. Bibi huyo alikuwa mfupi, mwenye kikapu cha kufumia sweta, na hakuja na ubani wala kitabu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Moshi sitaki, nina pumu." Alichungulia chumbani, akanusa mara moja, akarudi sebuleni. "Nani aliulizwa swali?"

Dada akamweleza kuhusu mwuzaji. Bibi akatikisa kichwa.

"Jini haingii nyumba iliyojaa, mjukuu wangu. Anatafuta nafasi aliyotajiwa. Ulisema mko wanne nanyi mko watatu. Umemkaribisha, na mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi kwa fimbo."

"Anafukuzwaje?"

"Kwa hesabu. Kila mwenye nyumba aseme ukweli kwa mdomo wake mwenyewe, mbele yake. Kila mmoja." Alimtazama Mama aliyekaa pembeni na sahani ya nne mapajani. "Na huyo ndiye mlango mgumu."

Wakaingia chumbani, na Dada akasema kwanza. "Tuko watatu." Kisha akachomoa waya ukutani. Taa za kasha hazikuzimika. Feni iliongeza kasi.

"Mama," ile sauti ikasema kwa sauti ya kijana, bila hedifoni, chumba kizima kikaisikia. "Mama, wananitoa."

Mama aliweka sahani chini. Alisimama mbele ya meza, futi shingoni, na sauti ikazidi kumwita, Mama nina baridi, Mama nipake dawa, Mama usiniache kama ulivyoniacha nilale, na harufu ikawa kali kiasi cha kuwatoa machozi, na Dada akamshika mkono akauhisi mwepesi kama kijiti, akajua kwamba Mama akisema wanne hatafika mwisho wa mwezi.

"Mwanangu hakunililia hivyo," Mama akasema mwishowe. "Mwanangu akiumwa alikuwa ananitania." Akavuta pumzi. "Mwanangu amekufa. Nimemzika. Tuko watatu."

Feni ikasimama. Mama akaanguka magotini akalia, kilio cha miezi minne, mpaka majirani wakaja, na hakuna aliyewaeleza kwa nini msiba ulikuwa mpya.

Bibi aliing'oa kadi, sasa baridi kama bati, akaitia kikapuni chini ya nyuzi. Mlangoni akamgeukia Dada. "Na baba yako?"

"Yuko kazini. Tutamwambia akirudi."

"Mwambieni leo."

Baba alirudi jioni. Alikuta nyumba imetulia, Mama ana macho mekundu na anakula kweli, anaomba na kuongezewa. Aliketi akamtazama mkewe akila, na ukingo wa mdomo wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Dada alifungua kinywa. Alitazama mikono ile mikubwa yenye grisi imetulia mezani, akakifunga. Kesho, akasema moyoni. Kesho ikawa kesho kutwa. Mama alirudisha kilo mbili, kisha tatu. Mapazia yakaanza kutoka sawa. Ungemwambiaje mtu wa namna hiyo, aseme kwa mdomo jambo ambalo hajaweza hata kuliwaza?

Jumapili ya tatu walikuwa mezani mchana, sahani tatu, mlango wazi kwa ajili ya upepo. Mwanamke wa idara ya maji alisimama kizingitini na ubao wake wa kuandikia.

"Hodi wenyewe. Samahani kwa kuwakatisha chakula. Naandikisha matumizi tu. Nyumbani mko wangapi?"

Dada alikuwa na tonge mdomoni. Baba ndiye aliyekuwa karibu na mlango, na alijibu bila kugeuka, kama anavyosoma kibandiko cha uzito ndani ya lifti.

"Wanne," akasema.

Mwanamke akaandika, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Chumbani, ndani ya kasha lisilo na kadi wala waya ukutani, feni ikaanza kuzunguka, polepole, na mzigo. Baba akainamisha sikio. Harufu ya dawa ikapita juu ya chakula.

"Dakika mbili tu," sauti ikasema kutoka ukumbini.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alikwenda kabatini akatoa sahani ya nne.