Kichwa Kwenye Rafu ya Nzomo

Siku ile haikuwa na neno. Akina mama wa Mwanda walikuwa wakipalilia maharagwe, na mimi nimekaa kando ya njia nikiwachekesha, maana shule niliiacha darasa la nne na jembe nalo halikunipenda. Ndipo akapanda Nzomo, askari kanzu mpya kutoka Voi. Kofia mpya, viatu vipya, kesi yake ya kwanza. Mlima ulikuwa umemkamua jasho mpaka kofia ikalowa.

"Afande," nikamwambia, "ukikata roho hapa, nani atampeleleza muuaji wako?"

Hakucheka. Alikuwa akimtafuta Mbuvi, Mkamba mwenzake, mchuuzi wa mbuzi aliyepotea tangu mvua za mwaka jana. Mara ya mwisho alionekana akigombana na Josephat, mtu wa Njukini aliyehamia kwetu kulima na mkewe Tryphena. Nzomo akazunguka shamba la Josephat, akainama chini ya jiwe kubwa lililo mpakani, akatoka na kichwa cha mtu. Fuvu tupu. Meno ya mbele yalikuwa yamechongwa kama msumeno.

"Wazee wetu Ukambani huchonga hivi hivi," akasema. "Huyu ni Mbuvi."

Josephat akatiwa pingu. Tukasikia atanyongwa.

Sasa, kila mtu mzima wa Mwanda alijua pale ni wapi. Zamani wazee wetu pia walichonga meno. Mzee alizikwa, baadaye kichwa kikafukuliwa na kuwekwa chini ya jiwe lile pamoja na wenzake, apelekewe pombe ya muwa shida zikija. Lakini sisi ni watu wa kanisa. Nani angesimama aseme bado anawajua wale? Na kile cha mbele kabisa, alichokichukua Nzomo, kilikuwa cha babu yake mjomba wangu Phineas. Mzee wa kanisa, mwenye sauti kuliko kengele.

Tryphena alimjia mjomba nyumbani, nami nikiwapo, akapiga magoti.

"Mzee, sisi ni wageni. Wewe ni wa hapa. Kile kichwa ni cha nani?"

Mjomba akatazama ukuta. "Mungu ndiye ajuaye."

Nilitafuta mzaha wa kufunika aibu ile. Nikaukosa.

Jumapili mjomba akasimama kuomba. Akafumba macho, akafungua kinywa. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, kavu, ya mzee sana, na ilisema lugha yetu, Kidawida cha zamani ambacho watoto hawakukielewa. Sisi tulikielewa.

"Niko kwa wageni. Nani ananijua?"

Kanisa zima tuliinamisha nyuso, tukatazama vidole vyetu vya miguu.

Kesho yake mjomba akaniomba nimsindikize Voi.

Nzomo tulimkuta ofisini mchana mweupe, amekonda. Fuvu lilikuwa kwenye rafu, limetupa kisogo. Lilitazama dirisha. Dirishani ilionekana milima yetu.

"Unaogopa kumtazama usoni, afande?" nikamtania.

"Mimi humgeuza aangalie mlango," akanong'ona. "Nikirudi, yuko hivyo. Jana nilimfunga kamba."

Kamba ilikuwa sakafuni. Fundo lilikuwa bado limefungwa.

Mjomba akaeleza kwa sauti ya chini. Kwamba huyo si Mbuvi. Kwamba afande akirudi chini ya jiwe aingie ndani zaidi, atawakuta wengine wamepangwa, meno yale yale. Nzomo akajishika kichwa. Hakuwa ameingia ndani. Aliona kimoja, akakimbilia pingu.

"Basi huyu ni babu wa nani, mzee?"

Mlangoni alisimama askari Donald, wa kwaya yetu. Mjomba alimwona.

"Wa watu wa zamani tu," akasema. "Mimi simjui."

Chumba kikajaa harufu ya pombe ya muwa.

Nzomo alipanda, akaona, Josephat akaachiliwa. Mbuvi mwenyewe alikuja kuonekana Taveta, mzima, amenenepa. Fuvu tukapewa turudishe. Mjomba alilibeba ndani ya shuka, akalitua mahali pake upesi upesi kama mwizi. Hata pole hakumwambia.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mezani na Biblia yake. Juu ya jalada jeusi kulikuwa na unga mweupe, kidogo tu.

"Mjomba, siku hizi unakula ugali juu ya Neno?"

Akacheka.

Nikarudi nyuma. Mgongo wangu ukagonga mlango.

Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa. Yote. Kama msumeno. Hakuna damu. Hakuna uvimbe. Na yeye hakujua, mpaka alipoona ninapotazama akapeleka kidole.

Tangu hapo huomba ameziba mdomo kwa leso, nasi tunatazama chini. Na mimi, bingwa wa Mwanda nisiyeogopa hata simba wa Tsavo, kila nikiamka kwanza hupitisha ulimi kwenye meno. Maana nami nilikuwa mle ofisini, sikumtaja, na yule mzee ni wangu pia.

Leo asubuhi jino moja lilikuwa na ncha.